Wapiga picha za mandhari wa kujifurahisha tu, tukutane hapa

Mpenda Macheo

Wakuu, salaam kwenu. Nyuzi nyingi za kamera huishia kwenye swali moja: "Sasa utaingizaje hela na hiyo kamera?" Leo naomba tuwe na uzi wa watu wasiouliza swali hilo. Wale wa kupiga milima, mito, mawingu, miti, wadudu na mawe, wakarudi nyumbani, wakaangalia walichopata, wakafurahi, basi.

Mimi nina kazi nyingine kabisa inayonilisha. Kamera ni ya alfajiri na jioni. Ndugu na marafiki waliwahi kunisukuma nipige harusi, na sina neno na wapiga harusi, wapo wenye ufundi mkubwa. Ila harusi ina wenyewe na ina ratiba yake. Huwezi kumwambia bi harusi asimame dakika arobaini wingu lipite. Kwenye kilima nasimama nitakavyo, na nikirudi mikono mitupu hakuna anayenipigia simu kuuliza picha ziko wapi.

Starehe yenyewe iko wapi? Chukua utando wa buibui kwenye majani marefu, alfajiri, umande umeushika. Ukiupita jua likiwa mgongoni mwako huuoni kabisa. Zunguka upande wa pili, jua liwe mbele yako kwa pembeni kidogo, na nyuma ya utando kuwe na kivuli: kila uzi unawaka, na ndani ya kila tone kuna pori zima limegeuzwa juu chini. Sogea nusu hatua, umepotea. Rudi, upo. Naweza kumaliza saa nzima hapo nikichuchumaa na magoti yameloa, na nikiondoka naona siku yangu imeshalipa hata kabla sijafika kazini.

Baada ya muda unaanza kuufahamu mwanga kwa tabia zake. Wengine wanasema "leo kuna jua", wewe unauliza jua la wapi, linapita kwenye nini, linagota wapi. Ndicho ninachokipenda kuliko picha zenyewe, na naamini ungekuwa unalipwa usingekipata kirahisi, maana mteja halipii muda uliokaa unaangalia.

Karibuni. Wa simu, wa kamera kubwa, wa filamu, wote.

Simu Tu

Mkuu mimi nimevutiwa ila sina kamera, nina simu tu kama jina langu. Nipo au niondoke?

Mpenda Macheo

Kaa kwenye kiti mkuu. Simu za siku hizi zinapiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa picha moja, ndiyo maana anga na ardhi vyote vinaonekana hata penye mwanga mgumu. Kamera kubwa nyingi hazikufanyii hivyo, unafanya mwenyewe nyumbani.

Mambo ya kuanzia: futa lenzi. Nusu ya picha zenye "ukungu" ni mafuta ya vidole. Usivute kwa vidole viwili kwenye kioo, huko ni kukata picha na kupoteza ubora, tembea usogee. Gusa na ushikilie pale unapotaka pawe wazi ili simu ifunge fokasi na mwanga, kisha shusha mwanga kidogo hadi mawingu yarudishe umbo. Mawingu yaliyoungua, yaani yaliyotoka meupe tupu, hayarudi, lakini kivuli unaweza kukiinua baadaye. Kama simu yako ina uwezo wa kuhifadhi faili ghafi (RAW, picha kabla simu haijaipika), uwashe.

Itakushinda kwa ndege walio mbali, na usiku mrefu wa nyota. Hapo tutakuombea.

Mkosoaji Namba Moja

Mimi huwa nawashangaa nyie watu. Mtu anafika mbele ya maporomoko, hajayaangalia hata kidogo, keshatoa kamera. Anaondoka na faili, hajaona kitu. Macho ulipewa ya nini? Nimekaa pembeni ya ziwa na watu wa aina yenu, wanabishana kuhusu lenzi jua linazama.

Simu Tu

😂😂 Mkosoaji kafika mapema.

Mpenda Macheo

Mkosoaji, hoja yako ina mashiko na imeshapimwa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti wa watu waliotembezwa makumbusho. Vitu walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyoviangalia tu. Wewe hapo umeshinda.

Lakini soma hadi mwisho. Kwenye jaribio lake la pili, waliovuta lenzi na kupiga sehemu moja tu ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hiyo. Na cha ajabu, walikumbuka hata sehemu ambazo hazikuwemo kwenye fremu. Tatizo liko kwenye kupiga na kupita. Mtu aliyelazimika kujiuliza "ninachokitaka hapa ni kipi hasa?" ameshaangalia tayari.

Hao wabishi wa lenzi uliokaa nao ziwani, hao hata mimi nawakimbia.

Mkosoaji Namba Moja

Sawa, nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

Bibi Lenzi

Wajukuu zangu hamjambo. Napita kusoma, nikaona nichangie. Mimi ni wa enzi za filamu, na hadi leo kamera yangu ya filamu inafanya kazi. Mkanda mmoja ni picha 36, ukizimaliza umezimaliza. Kwa hiyo hayo anayoyasema Mkosoaji kwetu yalikuwa magumu kutokea. Ulikuwa unazunguka mti mzima ndiyo unabonyeza mara moja, na hujui ulichopata mpaka filamu isafishwe.

Kuhusu kupiga bila kulipwa, kuna mtu mmoja sijui kama mnamfahamu. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani. Mwaka 1885, hajatimiza hata miaka 20, aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Alikuwa anakinga theluji kwa ubao mweusi, anaiinua chembe kwa uangalifu asiipulizie pumzi ikayeyuka, na yote hayo ndani ya kibanda chenye baridi ile ile ya nje, maana kukiwa na joto hakuna picha. Alipokufa mwaka 1931 alikuwa amepiga chembe zaidi ya 5,000. Na alibaki mkulima maisha yake yote. Huyo ndiye mtu wenu.

Mpenda Macheo

Shikamoo bibi. Huyo nilikuwa nimemsikia juu juu tu. Hapo kwenye kubana pumzi umenigusa, maana hata kwa kipepeo ni vivyo hivyo, ukikohoa umekwisha.

Bibi Lenzi

Marahaba mjukuu.

Mwezi Mpevu

Wadau naomba msaada. Kila nikipiga mwezi unatoka duara jeupe, hauna alama yoyote. Kwenye picha za watu naona mabonde na madoa. Nakosea wapi?

Mpenda Macheo

Kamera yako inaona giza kubwa, inadhani ni usiku, inafungua kila kitu. Lakini mwezi wenyewe hauko usiku. Ni jiwe linalopigwa na jua kali la mchana, ni vile tu wewe umesimama upande wenye giza. Kwa hiyo upige kama kitu cha mchana: weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, spidi ya shata 1/100 ya sekunde au karibu na hapo. Madoa yote utayaona.

Sasa shida inakuja: ukiweka hivyo, mlima ulio chini ya mwezi utakuwa mweusi tii. Dawa yake ni kalenda. Mwezi mpevu huchomoza jua linapokaribia kuzama, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Ukienda siku moja KABLA ya mwezi mpevu, utachomoza wakati ardhi bado ina mwanga wa jua. Mwanga wa mwezi na wa ardhi unakaribiana, fremu moja inabeba vyote. Watu wengi wanasubiri siku yenyewe ya mpevu, wanafika giza limeingia.

Mwezi Mpevu

Dah. Miaka yote hii. Na ile miezi mikubwa inayojaa nyuma ya mti, ni ya kubandika?

Mpenda Macheo

Zipo za kubandika, na zipo za halali. Mwezi hauwi mkubwa ukiwa chini, ni macho yanatudanganya. Unachoweza kubadilisha ni ukubwa wa mti. Mwezi unachukua nusu digrii tu ya anga, kwa hiyo kitu chochote ukikiangalia kutoka umbali wa mara 110 ya urefu wake, kinalingana na mwezi. Mtu wa mita 1.7, simama mita 190 kutoka kwake. Mti wa mita 10, nenda kilomita moja na kidogo. Halafu unaweka lenzi ndefu kuliko zote ulizonazo, unaomba mtu wako asitikisike.

Hesabu hiyo pia ni kipimo cha kukamata waongo. Ukiona mwezi unazidi nyumba nzima na picha inaonyesha imepigwa kwa lenzi pana kutoka ng'ambo ya barabara, basi.

Bibi Lenzi

Mwezi umenikumbusha Ansel Adams, yule mpiga mandhari wa Marekani. Mwaka 1941 alikuwa anapita kwa gari karibu na kijiji cha Hernandez, New Mexico. Akaona mwezi umetoka, na misalaba ya makaburini bado inapata mwanga wa mwisho. Akasimamisha gari, akatafuta kipima mwanga chake, hakioni. Jua linaondoka. Aliokolewa na kile kile alichosema mjukuu wangu hapo juu: alikuwa anakijua kwa kichwa kiwango cha mwanga wa mwezi, akakokotoa kutoka hapo. Akapiga. Anageuza kasha la filamu apige ya pili, mwanga umeshaondoka kwenye misalaba.

Simu Tu

Bibi endelea kutupa hizo.

Mkosoaji Namba Moja

Nimerudi. Huyo huyo Adams anayesifiwa hapa, picha zake nyingi alizichezea. Sasa tofauti yake na hawa wanaobadilisha anga kwa programu ni ipi? Picha za mandhari za siku hizi ni uongo mtupu. Nyasi za kijani ambayo haijawahi kuota duniani.

Bibi Lenzi

Kwa kuchezea alichezea kweli mjukuu. Picha hiyo ya Hernandez aliichapa kwa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyokwenda anga lake lilizidi kuwa jeusi. Kwenye karatasi za mwanzo mawingu ni mengi, za mwisho anga limekuwa zito. Alisomea piano kabla ya kamera, na kwake filamu ilikuwa noti zilizoandikwa, uchapaji ndio kupiga wenyewe.

Na kabla ya hapo, mwaka 1927, alipanda na bamba za kioo (ndizo filamu zake) mgongoni kwenda kulipiga jabali la Half Dome kule bonde la Yosemite, California. Alikuwa amebakiwa na mbili. Moja akaipiga kwa filta ya njano, akajua haitatoa alichokihisi. Ya mwisho akaweka filta nyekundu nzito. Nyekundu inazuia bluu, kwa hiyo anga likatoka karibu jeusi na jabali likasimama peke yake. Je, anga lilikuwa jeusi siku hiyo? Halikuwa. Je, alidanganya?

Mkosoaji Namba Moja

Bibi unaniuliza swali gumu mchana huu.

Mpenda Macheo

Niseme msimamo wangu, mwenye wake alete. Kuinua kivuli, kushusha mwanga, kuongeza ukali wa rangi, hata kuifanya nyeusi na nyeupe: ruksa. Hakuna kamera inayotoa ukweli mtupu. Hata ile picha ya JPEG "ambayo haijaguswa" imeguswa na mhandisi aliyepanga rangi za kiwandani. Kuleta wingu la jana, kuhamisha mlima, kubandika ndege: hiyo ni kazi ya sanaa kama nyingine, sema tu umeitengeneza. Ukinyamaza hapo ndipo tunagombana.

Kwenye mashindano ni kali zaidi. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliiondolea ushindi picha ya usiku yenye kichuguu kinachong'aa na mnyama mla mchwa pembeni. Wataalamu walimlinganisha na mnyama aliyekaushwa wa maonyesho, wakakuta alama na mikao ya manyoya inafanana mno. Mpiga picha alikana. Kinachonisikitisha ni kwamba kichuguu peke yake, na vile vimulimuli vya mabuu ya wadudu, tayari ilikuwa picha.

Nyasi za kijani cha ajabu hizo Mkosoaji nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Ndege Mjanja

Mimi ni wa ndege, mandhari napita tu. Naomba niseme kitu kuhusu wanyama kwa sababu wapya wapo humu.

Kiota ukikikuta, ondoka. Najua ni picha tamu, vifaranga midomo wazi, lakini ukikaa hapo mzazi harudi, mayai yanapoa, na ukikata tawi ili uone vizuri umewafungulia mlango kunguru. Kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili dume aje kugombana na "mpinzani" asiyekuwepo, hasa msimu wa kuzaliana, mimi sifanyi na sishauri. Anatumia nguvu ambayo angetafutia watoto chakula.

Unachoweza kufanya ni kushuka. Lala chini, lenzi iwe sawa na jicho la ndege. Picha ya ndege kutoka juu ni ya kitambulisho tu. Fokasi kwenye jicho, mengine yote yakipotea siyo neno. Akiwa anaruka weka spidi ya shata 1/2000 au zaidi. Simama upepo uwe mgongoni mwako, kwa sababu ndege huruka akiuelekea upepo, kwa hiyo atakuja upande wako. Na ishara moja ya bure: ndege mkubwa akijisaidia akiwa kwenye tawi, weka kidole tayari. Mara nyingi anapunguza mzigo kabla ya safari.

Simu Tu

😂😂😂 Hiyo ya mwisho nimeiandika kwenye daftari.

Mwezi Mpevu

Ndege Mjanja, vipi kuhusu kutaja sehemu? Nimepata bonde moja la maua, nikiposti watu wananiuliza location. Nikikataa naonekana mchoyo.

Ndege Mjanja

Kuwa mchoyo. Viota na maua adimu usitaje kamwe, na zima ile alama ya ramani inayojihifadhi kwenye picha, wengi hawajui ipo. Mwaka 2019 maua ya popi yalichanua kwa wingi Walker Canyon, California. Picha zikasambaa, umati ukafurika hadi mamlaka za mji wa jirani, Lake Elsinore, zikafunga njia kwa muda. Watu walikuwa wanalala juu ya maua wapigwe picha. Ua lililolaliwa haliamki.

Kijana wa Kilele

Naomba nipinge kidogo. Kama mpiga picha Carleton Watkins angeficha Yosemite ingekuwaje? Alipeleka kamera kubwa kule mwaka 1861, picha zikafika hadi Washington, na mwaka 1864 Rais Lincoln akasaini sheria ya kulihifadhi lile bonde. Walioamua wengi wao hawakuwahi kulikanyaga. Picha ndiyo iliwafikisha. Mahali pasipojulikana hapana wa kupatetea siku tingatinga likija.

Ndege Mjanja

Hoja nzuri hiyo, siikatai. Ila Watkins alikwenda na nyumbu wa kubeba mizigo na bamba za kioo, siku hizi mtu anafika na ramani kwenye simu asubuhi hiyo hiyo. Mimi nataja eneo kubwa, hifadhi fulani, ukanda fulani. Kona yenyewe kila mtu ajitafutie.

Mpenda Macheo

Mimi niko na Ndege Mjanja kwa hili. Na kujitafutia ndiyo nusu ya utamu. Picha uliyoelekezwa usimame kwenye jiwe gani ni picha ya mwenzako.

Kijana wa Kilele

Twende kwenye mwanga. Kila mtu anasema "saa ya dhahabu", ule mwanga wa jua likiwa chini karibu na upeo. Mimi natoka jioni, nakuta ni dakika chache tu giza hilo. Wenzetu wa kaskazini naona wanapiga jioni nzima. Wanatumia nini?

Mpenda Macheo

Wanatumia latitudo mkuu. Jua linatembea digrii 15 kwa saa popote ulipo. Tofauti ni mwinamo. Karibu na ikweta linashuka wima, linazipita zile digrii 6 za chini ya upeo kwa dakika 20 na ushee, na kwenye digrii 6 hizo ndiko bluu nzuri iliko. Ukienda mbali kaskazini au kusini jua linashuka kwa mshazari, linaburuza, wanapata mara mbili ya hapo na zaidi. Msimu wa kiangazi chao wakiwa mbali sana halizami kabisa.

Kwa nini dhahabu? Jua likiwa utosini mwanga wake unapita hewa kidogo. Likiwa kwenye upeo unapita hewa karibu mara 38 ya hiyo. Bluu inatawanywa na hewa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu, kwa hiyo safari yote hiyo bluu inabaki njiani, kinachofika kwako ni chungwa. Na kwa kuwa unakuja kwa ubavu, kila tuta na kila jani linapata kivuli chake. Mchana kilima kinaonekana bapa, jioni kinapata mbavu.

Kwa hiyo sisi wa dakika chache lazima tufike mapema, fremu ichaguliwe, tripodi isimame, fokasi ijaribiwe, halafu tusubiri. Anayefika na jua linazama anapiga kwa hasira.

Na TAFADHALI msifunge mabegi jua likizama. Kama juu kuna mawingu membamba yale ya mbali, na upande wa magharibi kuna uwazi chini, subiri. Jua likiwa limeshajificha kwako bado linayapiga mawingu hayo kutoka chini. Dakika kumi, kumi na tano baadaye anga linawaka kuliko ilivyokuwa. Mara nyingi nimepishana njiani na watu wanarudi, nami nikajisemea moyoni poleni.

Mkosoaji Namba Moja

Kwa hiyo unakiri mnapenda kujiona wajanja.

Mpenda Macheo

Kidogo.

Kijana wa Kilele

Na polaraiza, ile filta ya kuzungusha mbele ya lenzi? Nimenunua, anga likatoka upande mmoja bluu ya wino, upande mwingine limepauka.

Mpenda Macheo

Hiyo ni lenzi pana. Polaraiza inafanya kazi zaidi kwenye ukanda wa anga ulio digrii 90 kutoka kwenye jua. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, kidole gumba kikiwa wima, zungusha mkono: popote gumba linapoelekea ndipo penye nguvu. Lenzi pana inachukua ukanda huo na nje yake kwa pamoja, ndiyo maana unaona mabaka. Punguza mzunguko, au iondoe.

Kazi yake ninayoipenda si anga. Ni majani mabichi baada ya mvua, na maji. Zungusha taratibu ukiangalia kijito: ule weupe wa juu unaondoka, unaanza kuona mawe ya chini, moja moja, na rangi zake. Ni kama mtu amefungua pazia. Hicho huwezi kukitengeneza kwa programu, kwa sababu kilichofichwa na mng'ao hakikuingia kwenye faili.

Mwezi Mpevu

Tripodi yangu inatikisika picha za usiku zinakuja mbili mbili.

Ndege Mjanja

Usivute ile nguzo ya katikati, fungua miguu minene kwanza. Ning'iniza begi chini liguse ardhi kidogo, lisipeperuke. Usibonyeze kwa kidole, weka saa ya sekunde mbili. Upepo ukiwa mkali, kaa upande unaotoka upepo uwe ukuta.

Simu Tu

Wakuu nimejaribu jana. Kuna safu ya milima naiona kutoka juu ya nyumba, kwa macho ni mikubwa inatisha. Kwenye picha imekuwa vijiwe. Nimesikitika.

Bibi Lenzi

Usisikitike mjukuu, hilo linampata kila mtu. Macho yako yanachagua mlima yanaacha mengine, lenzi pana haichagui, inaweka kila kitu inachokiona na mlima unabanwa kule mbali. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, ile ya kweli, itumie. Kama haina, tafuta kitu cha mbele chenye umbo, jiwe, kisiki, shina, ukikaribie kabisa, mlima uwe wa nyuma yake. Jicho likipata cha kuanzia litajua mlima una ukubwa gani.

Mpenda Macheo

Bibi kamaliza. Mimi naongeza ukungu. Siku ya ukungu mwepesi kila safu inakuwa na rangi yake, ya karibu nzito, ya mbali nyepesi, na umbali unaonekana bila kuutafuta. Siku ya anga safi kabisa milima inagandana.

Simu Tu

Sawa, nitakwenda kesho alfajiri. Ila huku wametabiri mvua.

Mpenda Macheo

Basi ndiyo uende. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki, toboa tundu la lenzi. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache kwanza ndani ya mfuko mwingine uliofungwa kama nusu saa izoee, la sivyo lenzi inafunga mvuke na utadhani ni ukungu wa mlima.

Mkosoaji Namba Moja

Simu Tu, unakwenda saa ngapi? Nami nitaamka huku niliko. Bila kamera lakini.

Simu Tu

Saa kumi na moja mkuu. Utakuja na simu mfukoni wewe, nakujua.